Tasbihi Tatu na Mshumaa Mmoja

Bi Mwanakuu wa Kibokoni alikuwa na jawabu moja kubwa kifuani, na mpaka kufika miaka sitini na moja hakuna mja aliyemuuliza swali lake. Jawabu lenyewe lilikuwa la kwa nini muali wa mshumaa hutetema. Msicheke. Kuna watu wana majawabu ya mambo makubwa makubwa, ya siasa na ya mpira, na mabarazani huwezi kuwanyamazisha. Yeye alikuwa na hilo lake moja, kamili, halina pengo, na kila alipojaribu kulitoa watu walikumbuka chungu walichokiacha mekoni, ama nguo walizoanika juani.

Alilipata hivi. Babake alikuwa na watoto wawili na uwezo wa kumsomesha mmoja. Akamsomesha Abdulbasit, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwanamume, na Mwanakuu akatolewa darasa la saba kuja kumshika mama yao aliyekuwa hajiwezi miguu. Abdulbasit akasoma, akawa karani bandarini, akajua kuandika barua za Kizungu ambazo mpaka leo hatujampata aliyezielewa. Mwanakuu akaolewa, akafiwa na mume, hakujaliwa mtoto, na alipofika miaka thelathini na mbili akaandikwa kazi ya kufagia katika shule moja ya wasichana kule Kizingo, kwenye miti mikubwa na majumba ya wakubwa. Akapewa kufagia maabara.

Mwalimu wa sayansi alikuwa mama mmoja wa Kikamba, Mwalimu Kasyoka, mfupi, mkali, sauti yake ikisikika mpaka langoni. Kila mwaka, wasichana wapya wakiingia, somo lake la kwanza lilikuwa lile lile. Aliweka mshumaa juu ya meza, akauwasha, akasema: “Andikeni mnachokiona.” Basi, hana la zaidi. Wasichana waliandika mstari mmoja, “Naona mshumaa,” wakaweka kalamu chini. Hapo ndipo Mwalimu Kasyoka alipowaka yeye. “Mmeona hicho tu? Mna macho ama mna vifungo?”

Mwanakuu alisimama mlangoni na ufagio wake, akijifanya anafagia kizingiti. Mwaka wa kwanza alishika nusu ya somo. Mwaka wa tatu alishika lote. Mwaka wa ishirini na sita alikuwa amelihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu, na Mwalimu akiruka kipande, yeye mlangoni alikohoa.

Alijua kwamba utambi haufanyi kazi kubwa tunayodhani. Kinachoungua hasa ni nta. Moto huiyeyusha nta, nta ikapanda utambini vile chai inavyopanda kwenye hamri ulilolichovya ncha, ikifika juu ikageuka mvuke, na mvuke ndio uwakao. Alijua kwamba hewa iliyopata moto hupanda, na hewa ya baridi huja kwa chini kushika nafasi yake, ndiyo maana muali ukachongoka juu. Na alijua kwamba muali ukipata hewa yake sawasawa na nta yake sawasawa, husimama wima, tuli. Ukiuona unatetema basi kuna kitu kimeivuruga ile hewa, ama utambi umekuwa mrefu, wanyonya nta nyingi kuliko inavyowahi kuungua. “Hautetemi bure,” Mwalimu Kasyoka alipenda kusema. “Tafuteni sababu.”

Mwisho wa somo Mwalimu aliuliza, “Kuna swali?” Hakukuwa na swali. Hakuna aliyegeuka kumtazama yule mwenye ufagio mlangoni, aliyekuwa nayo matatu.

Siku aliyostaafu alipewa shuka, kikombe, na hotuba ndefu iliyomtaja mara moja tu, tena kwa jina la mtu mwingine. Mwalimu Kasyoka peke yake alimpa kitu cha maana, mkasi mdogo wa kukatia tambi. Akarudi nyumbani kwao Kibokoni, kwenye nyumba ya babake ya mawe. Orofani walikaa kakake Abdulbasit na mkewe Fadhiya. Chini palikuwa na chumba cha kuwekea magunia ya makaa na baiskeli isiyo na magurudumu. Mwanakuu akakifagia, akakipaka chokaa, akaanza kutengeneza mishumaa. Aliyeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, akasuka uzi wa pamba kuwa tambi, akamimina kwenye vipande vya bomba alivyovikata mwenyewe kwa msumeno. Na Mombasa hii, ambapo stima hupotea bila kuaga, mishumaa haikosi mtu wa kuitaka.

Chumba kile kilikuwa kitu cha kwanza duniani alichokuwa nacho Mwanakuu peke yake. Nyumba alizokaa zilikuwa ya babake, kisha ya mumewe, kisha ya kakake, na maabara ilikuwa ya serikali. Chumba kilikuwa chake. Ukiingia bila hodi ungejuta.

Mteja wake mkubwa alikuwa Barnabas Charo, Mgiriama mmoja mrefu wa taratibu, mzee wa kanisa, aliyekuja kila mwezi kuchukua mishumaa ya madhabahu. Majirani walitia maneno kidogo, ati Bi Mwanakuu anawaangazia Wakristo. Yeye akawaambia nta haina dini.

Sasa balaa ilianza kwa huyo huyo Barnabas, na kosa lake lilikuwa ni adabu. Siku moja, akifunga mishumaa yake kwenye gazeti, alisema, “Bi Mwanakuu, mishumaa yako hutulia. Ile ya dukani hucheza mno.”

Halikuwa swali, lakini lilikuwa karibu na swali kuliko chochote alichowahi kuambiwa. Mwanakuu akaruka. “Wajua kwa nini? Njoo! Njoo nikuonyeshe kitu.” Akawasha mshumaa, akauacha uungue vizuri, akauzima kwa pumzi moja. Moshi mweupe ukapanda. Akawasha kiberiti, akakishika juu, mbali na utambi kadiri ya kidole, katikati ya ule moshi. Moto ukaruka, ukashuka kwa ule moshi, ukakaa kwenye utambi. “Umeona? Ule si moshi, ni nta! Ni nta iliyogeuka mvuke!”

Barnabas aliona, akafurahi. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Fadhiya na sahani ya bajia, na yeye hakusikia habari ya mvuke. Yeye aliuona mshumaa uliokufa, akauona moto ukiruka wenyewe kuufufua. Sahani ikaenda kivyake na bajia kivyake. Wallahi yule mama, na uzito wake ule, alifika orofani kabla sahani haijamaliza kuzunguka sakafuni.

Fadhiya si mtu mbaya. Moyo wake mweupe, ni mdomo tu hauna kitasa. Kufika magharibi Kibokoni nzima ilijua kwamba Bi Mwanakuu ana jini anayemwashia mishumaa. Asubuhi ya pili habari zilikuwa zimefika mtaa wa Kuze, na huko jini alikuwa ameota ndevu. Watu wakaanza kuja kuchungulia. Na nyumba zetu zile, mzijuavyo, zilijengwa ili zinyonye upepo wa kichochoroni. Mtu akisukuma mlango kidogo tu, upepo umeingia kabla yake. Basi wanasukuma, upepo unaingia, muali unatetema, wanapiga ukelele, wanakimbia. Mwanakuu akiwafuata nje kuwaeleza kwamba ni wao wenyewe walioutetemesha, wanazidisha mbio.

Maneno yakamfika Abdulbasit. Abdulbasit alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na saba, mnene, mwenye haiba, kanzu yake ikipigwa pasi na wanga mpaka waweza kuisimamisha bila yeye. Mtaa ulimheshimu. Jambo moja mtaa haukulijua, na Mwanakuu alilijua kwa kuwa alilala naye chumba kimoja utotoni: kakake alikuwa akiogopa majini kuliko alivyoogopa kufa.

Akamwita orofani. Kando yake alikuwa amekaa Jamaldin, jirani wa nyumba ya pili, anayekodisha viti vya plastiki vya arusini na matangani.

“Mwanakuu.”

“Labeka, kaka.”

“Watu wanasema.”

“Watu wana midomo, kaka.”

“Ati mioto yako inaruka. Ati inacheza chumba kizima hakuna upepo.”

“Kaka, ni mvuke wa nta, ukipata—”

“Sitaki mvuke!” Abdulbasit alivuta pumzi. “Mimi nina heshima yangu. Napita njiani watoto wananikimbia. Jamaldin ana shida ya pahali pa kuweka viti vyake, na chumba cha chini ni pakavu. Viti havichezi, havirukiruki. Nimeona nimpe.”

Jamaldin alitabasamu kwa haya. Mkononi alishika utepe wa kupimia, na karatasi mfukoni imechomoza.

Mwanakuu aliutazama ule utepe. Alitaka kulia, na hakuwahi kulia mbele ya kakake tangu aliponyang'anywa mkoba wa shule. Badala yake akasema, “Muali hautetemi bure, kaka. Una sababu. Nipe siku moja. Tufunge madirisha, tufunge mlango, niwashe mshumaa wangu mbele yako. Ukiuona unatetema, chukua chumba.”

Abdulbasit alimtazama Jamaldin, akatazama dari. Karani wa bandari hakubali jambo lisilo na masharti. “Ijumaa baada ya alasiri,” akasema. “Nitavuta tasbihi yangu mara tatu, chembe mia kasoro moja kila mara. Mshumaa ukisimama mpaka nimalize, chumba ni chako mpaka ufe na sitaki tena kusikia habari zake. Ukicheza, mna kitu mle ndani, na viti viingie Jumamosi. Na shahidi awe yule Mgiriama wako, asije mtu akasema nimejipendelea.”

“Nakubali,” alisema Mwanakuu, upesi kuliko inavyomfalia mtu mzima.

Ijumaa ile aliamka kabla ya alfajiri na hakukaa tena. Alichagua mshumaa ulionyooka kuliko yote. Akaupima utambi, akaukata kwa mkasi wa Mwalimu Kasyoka, mfupi kama punje ya mchele. Akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa magazeti, akakunja leso mbili kuukuu za kuziba chini ya mlango. Katikati ya chumba akaweka meza ya mamake, meza kongwe ya mbao mbili zilizoachana kidogo kati, akaitandika kitambaa cheupe cha kufuma, chenye matundu ya maua, kilichofika mpaka sakafuni. Alitaka pawe na staha. Kisha akamtafuta Fadhiya.

“Wifi, leo nakuomba kitu kimoja. Chetezo kisiingie kile chumba. Makaa yana moto, na moto huvuruga hewa.”

Fadhiya alishangaa. “Wageni waje bila kufukiziwa udi?”

“Bila udi.”

“Yaani wakae tu, vivi hivi, kama ofisini?”

“Kama ofisini, wifi yangu.”

“Haya,” alisema Fadhiya. Na mwanamke wa Mji wa Kale akikwambia “haya” kwa sauti ile, amekusikia tu, hajakubali. Lakini Mwanakuu alikuwa na haraka ya kwenda kutawadha.

Baada ya sala walikusanyika. Abdulbasit aliteremka na kanzu mpya na fimbo yake, akakaa kwenye kiti kikubwa karibu kabisa na meza, na kwa kuwa kitumbo chake kilitaka nafasi, akaingiza miguu chini ya kile kitambaa. Barnabas alikaa mkabala naye, magoti pembeni, kofia mkononi. “Masalkheri nyote,” alisema, wakamwitikia. Jamaldin alisimama ukutani na utepe wake. Mle ndani palinukia udi, lakini hilo halikumshtua mtu. Kanzu ya Abdulbasit ilikuwa imefukizwa, kofia imefukizwa, na mimi nadhani hata tasbihi ilifukizwa. Pua ya mtu wa huku hunusa udi pale tu usipokuwapo.

Mwanakuu akafunga mlango, akasukuma leso chini yake. Akawasha mshumaa. “Tafadhalini msipumue kuuelekea,” akasema. Barnabas, mtu wa kutii, akaacha kupumua kabisa.

Muali ulisimama.

Ungeuona ungempa chumba papo hapo. Ulisimama manjano, mrefu, ncha yake kali, wala haukutikisika. Chembe za tasbihi zilipita moja moja kwenye vidole vya Abdulbasit. Thelathini. Sitini. Tasbihi ya kwanza ikaisha, na Mwanakuu akaona Jamaldin amerudisha utepe mfukoni. Moyo wake ukafurahi mpaka akaogopa usije ukasikika.

Tasbihi ya pili ilikuwa haijafika nusu pale ncha ya muali ilipopinda. Kidogo tu. Kisha ikarudi, kisha ikapinda tena, na baada ya kitambo kidogo muali mzima ukaanza kutetema, ukipanda na kushuka, ukilamba kulia na kushoto.

“Hmm,” alisema Jamaldin.

Mwanakuu alisogea. Upepo? Aliitazama leso chini ya mlango: haijasogea. Madirisha: magazeti yametulia. Utambi? Mfupi, ameukata mwenyewe. Pumzi? Barnabas alikuwa amebadilika rangi kwa kutopumua, maskini, huwezi kumlaumu yule. Alipitisha somo lote kichwani, tangu “andikeni mnachokiona” mpaka “kuna swali”, na hakupata kitu. Muali ukazidi kucheza. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimshuku Mwalimu Kasyoka. Labda unatetema bure. Labda alisimama miaka ishirini na sita mlangoni akisikiliza hadithi za watoto. Chumba kilikuwa kinamtoka, akikiona kinavyomtoka, na Jamaldin utepe ulikuwa umesharudi mkononi.

Ndipo akamwangalia kakake. Abdulbasit alikuwa ametoa macho. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na midomo yake haikuwa ikihesabu tena tasbihi, ilikuwa ikisoma Ayatul Kursi, tena kwa kasi.

“Kaka, mbona watoka jasho hivyo?”

“Sitoki jasho.”

“Kaka, kidevu chako—”

“Nimesema sitoki jasho! Nyamaza!” Akaanza upya Ayatul Kursi. Mguu wake mmoja ukapiga meza kwa chini. Muali ukaruka. Abdulbasit akafumba macho, akayafumbua, uso wake ukakunjana, kisha karani mstaafu wa bandari, mwenye heshima yake Kibokoni nzima, alipiga ukelele uliosikika mpaka barabara kubwa.

“Limenishika! Limenishika mguu! Lina moto!”

Alisimama na meza juu ya magoti yake. Barnabas, kwa ile mikono yake mirefu, akaudaka mshumaa hewani kabla haujafika chini, na hapo ndipo alipopumua. Jamaldin alikuwa ameshafika kichochoroni. Jinsi alivyofungua mlango hajui mwenyewe mpaka leo. Na pindo la kanzu mpya ya Abdulbasit lilikuwa likifuka moshi.

Fadhiya akaingia mbio na birika la maji ya kutawadha. Inaonekana alikuwa nyuma ya mlango muda wote. Alimmwagia mumewe maji yote, tangu kifuani mpaka chini, akabaki ameshika birika tupu, akiangua kilio.

Mwanakuu aliitazama sakafu. Pale meza ilipokuwa, palikuwa na chetezo cha udongo, makaa yakiwa mekundu, jivu lililoyafunika likiwa limeshaanguka pembeni.

“Wifi,” alisema polepole. “Hiki ni nini?”

“Nilitaka kukusaidia!” Fadhiya alilia. “Nilijua unakipenda chumba chako. Na maneno yalitoka mdomoni mwangu mimi, najua. Nikasema, kama kuna wenyewe humu ndani, wakinusa udi mzuri watatulia, na mshumaa utulie. Nimekifunika jivu usije ukakiona. Nimetia kile kipande changu, wifi. Kile nilichoweka kwa ajili ya arusi ya Maisara.”

Maisara ni bintiye wa pekee. Kipande chenyewe kilikuwa kimekaa kabatini miaka minane, kimefungwa hariri, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukinusa. Mwanakuu alitaka kukasirika, wallahi alijitahidi, lakini hasira haikuja. Alicheka mpaka akashika ukuta, akamkumbatia wifi yake na birika lake.

Jamaldin alirudi polepole, akijipangusa kofia. Aliitazama hali, akakohoa. “Lakini,” akasema, “sharti ni sharti. Mshumaa ulicheza. Sote tumeuona.”

Kicheko kikakatika. Abdulbasit alikuwa amesimama katikati ya chumba, maji yakimchuruzika, kanzu ina tundu la kupita sahani. Mtu aliyeaibika hutafuta pa kushika, na yeye akashika hapo. “Ni kweli,” akasema kwa sauti ya ukarani. “Masharti hayakutaja chetezo. Mshumaa umecheza.”

Barnabas alifungua kinywa. Ilionekana wazi alichotaka kusema, habari ya nani aliyepiga ukelele na kwa sababu gani, na maneno hayo yangemaliza kesi pale pale, yakamaliza na heshima ya Abdulbasit mpaka Kuze. Mwanakuu alimtikisia kichwa. Hakutaka kupata chumba kwa njia ile. Yule alikuwa kakake, na utotoni Mwanakuu ndiye aliyekuwa akimshika mkono taa zikizimwa.

“Nipe mshumaa,” alimwambia Barnabas.

Akaisimamisha meza. Akatandika kitambaa. Akafunga mlango, akaziba, akawasha. Muali ukasimama wima. Akakichukua chetezo kwa pindo la leso, akakiingiza chini ya meza, wakangoja. Muali ukaanza kutetema. Akakitoa. Ukatulia. Akakiingiza tena, ukatetema, akakitoa, ukatulia. “Haya, Jamaldin,” alisema. “Mshike huyo jini wako umpandishe kitini.”

Abdulbasit ndiye aliyesogea. Aliinama, na kuinama kwake si jambo dogo, akakisukuma chetezo ndani kwa fimbo yake mwenyewe. Akaangalia. Akakivuta nje. Akaangalia. Akafanya hivyo mara ya pili, ya tatu, ya nne, maji yakimdondoka, amesahau kabisa kwamba kuna watu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya meza, pale kwenye ufa wa mbao, akahisi hewa moto inavyopita kwenye matundu ya kitambaa.

“Kwa nini?” akauliza.

Mwanakuu alidhani anamdhihaki. “Kwa nini nini, kaka?”

“Kwa nini hufanya hivyo? Makaa yako kule chini, mshumaa uko huku juu. Mimi nimesoma, Mwanakuu, na hili sikulisoma. Nieleze.”

Mwanakuu alifungua kinywa. Jawabu lote lilikuwapo, limepangwa tangu mwanzo hadi mwisho, nta na utambi na mvuke na hewa. Halikutoka hata neno. Alikuwa amelingoja swali hilo muda mrefu mno, na sasa limekuja kwa sauti ya yule aliyepelekwa shule. Macho yakamjaa machozi mbele ya wote.

“Ni moshi,” alisema. Hapakuwa na moshi.

“Ni moshi,” alikubali Abdulbasit. Akageuka. “Jamaldin, viti vyako vitafutie pahali pengine. Na hiyo karatasi mfukoni ilete hapa, mtu akisomeshwa huandika.”

Jamaldin akaitoa. Upande mmoja ulikuwa na vipimo vya chumba, urefu na upana, na hesabu ya viti mia na arubaini. Abdulbasit akaigeuza. Barnabas akampa kalamu. Fadhiya akatandika mkeka, na mzee mzima akajishusha juu yake na kanzu yake mbichi, akakunja miguu.

Mwanakuu alijifuta uso kwa ncha ya leso. Akauvuta mshumaa mbele ya kakake, akaukata utambi kidogo, akasimama wima nyuma ya meza. “Andika unachokiona,” akasema.

Abdulbasit aliutazama mshumaa, akainama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa bandarini: “Naona mshumaa.” Akaweka kalamu chini.

Hapo ndipo Mwanakuu alipowaka yeye.